Marudiano ambayo Foreman hakuyapata

Juma hili nataka tuzungumzie ubishi ambao umezeeka pamoja na wabishi wenyewe. Siku ya mnada nilipita Kerende nikawakuta wazee watatu chini ya mti wakibishana juu ya George Foreman kana kwamba anapanda ulingoni Jumamosi ijayo. Foreman alifariki dunia tarehe 21 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 76. Muhammad Ali alikuwa amemtangulia tangu tarehe 3 Juni 2016. Mabondia wote wawili wamelala, lakini pambano lao la pili, ambalo halikupiganwa popote isipokuwa vinywani mwa watu, bado linaendelea.

Niliwaamkia, nikakaribishwa kigoda. Mmoja wao akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio, hebu tuamulie. Wangerudiana, angeshinda nani?" Nikamjibu, "Mzee, hilo linataka kupimwa, halijibiwi kwa mdomo mtupu." Basi leo tulipime.

Tuanze na siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Kengele ya kwanza ilipigwa saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa. Kwetu huku ilikuwa yapata saa kumi na mbili asubuhi, ng'ombe wanatolewa zizini, na mwaka wenyewe ndio ule wa Operesheni Vijiji, watu wana mambo mengi vichwani kuliko ngumi. Saa hiyo ya ajabu haikupangwa kwa ajili ya Wazaire. Ilipangwa ili Wamarekani waliolipa viingilio katika majumba ya sinema kwao waone pambano usiku kabla ya kulala. Rais Mobutu alitoa dola milioni 5 kwa kila bondia ili dunia iitazame nchi yake, promota Don King akaleta mabondia, na watu wapatao 60,000 wakajaa uwanjani wakimtaka Ali kwa Kilingala amuue mwenzake. Foreman, ambaye naye ni Mweusi kama Ali, alishangaa kujikuta mgeni. Inasemekana mbwa wake wa Kijerumani hakumsaidia kitu, maana watu wa Kinshasa walikuwa wakiwakumbuka mbwa wa aina ile waliotumiwa na polisi wa Kibelgiji.

Lazima tukumbuke Foreman alikuwa nani asubuhi ile, maana leo wengi wanamjua kama babu mcheshi aliyeuza majiko ya kuchomea nyama. Alikuwa na miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 katika ngumi za kulipwa bila kupoteza hata moja, na 37 kati ya hizo alishinda kwa KO. Ubingwa wa dunia wa uzito wa juu aliutwaa Kingston, Jamaika, tarehe 22 Januari 1973 kwa kumwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Akautetea Tokyo kwa raundi moja dhidi ya José Roman. Akautetea tena Caracas, Machi 1974, kwa raundi mbili dhidi ya Ken Norton. Hesabuni wenyewe: mapambano matatu ya ubingwa, raundi tano tu. Frazier na Norton, aliowasambaratisha hivyo, ndio watu wawili pekee waliokuwa wamemshinda Ali. Ali alikuwa na miaka 32. Walikuwapo watu wazima, wanaoijua kazi hii, waliohofu kwamba Ali angetolewa ulingoni kwa machela.

Naomba mziangalie zile raundi tano vizuri. Wengi waliziona kama nguvu. Ali na kocha wake Angelo Dundee waliona pia kitu kingine, kwamba mtu huyu hajazoea kufanya kazi ndefu. Anakata mti kwa mapigo matatu, basi hajui shoka linavyokuwa zito kwa pigo la mia.

Raundi ya kwanza Ali alimpiga kwa mkono wa kulia moja kwa moja usoni, bila kutanguliza kushoto, jambo ambalo bondia wa kulia halifanyi ila kwa dharau. Kuanzia ya pili akafanya kile kilichowatia wasiwasi hata watu wa kona yake: akaegemea kamba, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akamwacha mwenzake apige. Na Foreman akapiga. Alipiga mbavu, alipiga mikono, alipiga mabega, katika joto la Kinshasa kabla ya mvua, huku Ali akimnong'oneza kila wanaposhikana kwamba hizo ngumi hazimwumizi. Kila raundi ilipokaribia kwisha, Ali alichomoka kambani akarusha makonde manne matano ya haraka, majaji wakaandika. Raundi ya tano Foreman alishapunguza mwendo. Raundi ya saba alikuwa anasukuma ngumi badala ya kuzirusha. Raundi ya nane, zikiwa zimebaki sekunde chache kengele ilie, Ali alichomoka, kushoto, kulia, na bingwa akazunguka kama mtu aliyekosa ngazi gizani, akaenda chini. Alinyanyuka mwamuzi Zack Clayton akiwa anamalizia hesabu. Haikusaidia kitu. Kadi zote tatu za pointi zilikuwa zikimwonyesha Ali anaongoza.

Hapo ndipo swali letu linapoanzia. Bingwa akipigwa kinyume cha matarajio ya watu wote, nafasi yake katika marudiano ni ipi?

Foreman alijibu kwa kutafuta mchawi. Alisema kamba za ulingo zililegezwa makusudi. Alisema mwamuzi alihesabu upesi. Baadaye akasema kwamba maji aliyopewa kabla ya pambano yalikuwa na ladha ya dawa. Sitaki kumwita mwongo. Kamba kweli zilikuwa zimelegea, hilo halina ubishi, ingawa Dundee alisema mpaka mwisho wa maisha yake kwamba yeye alijaribu kuzikaza, siyo kuzilegeza. Lakini kamba hizohizo zilikuwa nyuma ya wote wawili. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani, na sisi watangazaji tunaupenda msemo huo mno, tunautumia kama chumvi. Kwa Foreman msemo huo una maana ya kiufundi kabisa: mtu anayeamini ameshindwa na kamba atakwenda katika pambano la pili na kamba zilizokazwa na mapafu yaleyale.

Naomba niseme jambo hapa. Magazeti ya michezo huandika kila mara kwamba bondia fulani anakwenda "kulipiza kisasi". Mimi silipendi neno hilo kwenye ngumi. Huku kwetu Tarime kisasi tunakijua kwa jina na kwa makaburi. Koo zimeuana kwa ajili ya ng'ombe na mipaka, na hakukuwa na mwamuzi wa kuhesabu mpaka kumi. Marudiano ni kinyume chake. Ni mtu kukubali mbele ya watu kwamba safari ya kwanza imekwisha na mwenzake ameshinda kihalali, kisha kuomba kupimwa upya kwa kanuni zilezile. Asiyekubali sehemu ya kwanza hajaomba marudiano. Ameomba kisasi.

Tena marudiano hayatolewi kwa huruma. Hutolewa na mwenye ubingwa, naye hutazama kwanza mfuko wake na afya yake. Hapa ndipo mimi namlaumu Ali, na wazee wa Kerende waliponisikia walinitazama kama mtu aliyetukana msikitini. Lakini tuangalie rekodi. Katika maisha yake yote Ali alishindwa na watu watano tu. Frazier alimshinda Machi 1971. Wakarudiana Januari 1974, Ali akashinda. Norton alimvunja taya Machi 1973. Miezi sita haijatimia wakarudiana, Ali akashinda. Leon Spinks, kijana aliyekuwa na mapambano saba tu ya kulipwa, alimnyang'anya ubingwa Las Vegas tarehe 15 Februari 1978. Miezi saba baadaye, New Orleans, Ali akauchukua tena kwa pointi. Waliobaki ni Larry Holmes mwaka 1980 na Trevor Berbick mwaka 1981, na hapo alikuwa ameshakwisha. Kwa hiyo Ali alijengwa na marudiano. Bila hayo asingefika Kinshasa, na bila hayo asingekuwa bingwa mara tatu. Mtu huyo alikaa na ubingwa wa Foreman zaidi ya miaka mitatu asimpe nafasi ya pili.

Aliwapa nani? Mwaka 1975 alimpa Chuck Wepner, akampa Ron Lyle, akampa Joe Bugner kule Kuala Lumpur, kisha tarehe 1 Oktoba akapigana na Frazier mara ya tatu huko Manila, pambano lililowatoa wote wawili sehemu ya uhai wao. Mwaka 1976 aliwapa Jean-Pierre Coopman wa Ubelgiji, Jimmy Young, Richard Dunn wa Uingereza, na Norton tena. Wengine kati ya hao, kwa heshima zote, walikuwa mapumziko yenye malipo.

Foreman naye mwaka 1975 alifanya kituko. Tarehe 26 Aprili, mjini Toronto, alipanda ulingoni kupigana na wanaume watano siku moja, mmoja baada ya mwingine, ili kuonyesha kwamba pumzi anayo. Ali alikuwa pembeni ya ulingo kama mtangazaji, akimzomea na kumfundisha kuegemea kamba. Wale watano wote hawakuwa na kiwango chake, na watu waliondoka wakicheka. Ingekuwa mwaka huo wamerudiana, jibu langu ni jepesi: Ali angeshinda tena, pengine kwa njia nyingine, kwa kuwa Foreman alikuwa bado anapigana na kamba za Kinshasa.

Mwaka 1976 mambo yalibadilika, na hapa ndipo penye ubishi wa kweli. Foreman alimchukua mkufunzi mwingine, Gil Clancy wa New York. Tarehe 24 Januari alikutana na Ron Lyle huko Las Vegas. Wapenzi wa ngumi ambao hawajawahi kuliona pambano hilo nawaonea huruma. Foreman aliangushwa mara mbili katika raundi ya nne. Alinyanyuka mara zote mbili, na raundi ya tano akammaliza Lyle. Kwangu mimi usiku ule una uzito kuliko ushindi wake wote wa kabla ya Kinshasa, kwa sababu alikuwa amechoka, ameumia, na akaendelea kufanya kazi. Tarehe 15 Juni alimsimamisha Frazier tena, safari hii kwa raundi tano, kwa subira, bila kukimbilia.

Linganisheni sasa na Ali wa miezi ileile. Manila ilikuwa imemmaliza miguu. Mwenyewe alisema kule alikaribia kukiona kifo. Aprili 1976 alipewa ushindi wa pointi dhidi ya Jimmy Young, na watu wengi ukumbini hawakukubaliana na majaji. Septemba 1976 alipewa ushindi dhidi ya Norton katika uwanja wa Yankee, New York, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba Norton aliibiwa. Siku chache baadaye, akiwa Istanbul, Ali akatangaza kwamba anaacha ngumi. Halafu akarudi, lakini si kwa Foreman.

Basi nawajibu wazee wangu. Kati ya Juni na Desemba mwaka 1976 Foreman alikuwa na nafasi kubwa kuliko Ali. Ningemwekea ng'ombe, tena jike lenye mimba. Ujanja wa kuegemea kamba unataka mbavu zinazostahimili na mikono inayorudi haraka usoni, na Ali wa mwaka ule alikuwa na mbavu tu. Nadhani Ali alilijua hilo kuliko mimi na ninyi. Hakuwa mwoga, mtu aliyekwenda Manila si mwoga. Alikuwa mfanyabiashara aliyejua bei ya bidhaa yake inashuka.

Lakini ng'ombe wote zizini nisingewaweka, na sababu yake ni Jimmy Young.

Tarehe 17 Machi 1977, San Juan, Puerto Rico, Foreman alipigana na Young katika joto lililofanana na la Kinshasa. Aliyewania nafasi ya kumfikia Ali alitakiwa apite hapo. Raundi ya saba Foreman alimtikisa Young vibaya, ikabaki kumalizia tu. Hakuweza. Pumzi ikakatika kama ilivyokatika Zaire, Young akarudi mchezoni kidogo kidogo, na raundi ya kumi na mbili, ya mwisho, Foreman akaangushwa. Majaji wote walimpa Young. Safari hii kamba zilikuwa zimekazwa na maji hayakuwa na ladha yoyote. Katika chumba cha kubadilishia nguo, kwa maelezo yake mwenyewe, alijiona anakufa, akamwita Mungu. Aliacha ngumi, akawa mhubiri huko Texas kwa miaka kumi.

Hebu tulinganishe na kisa kilicho karibu na sisi kwa jiografia, maana nacho kilitokea katika bara letu. Tarehe 22 Aprili 2001, Brakpan, karibu na Johannesburg, Mwingereza Lennox Lewis alikuwa bingwa, na Hasim Rahman wa Marekani alikuwa mtu ambaye wacheza kamari hawakutaka hata kumtaja. Brakpan iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Sisi watu wa milima ya Tarime tunawajua wageni kutoka pwani wanavyohema wakipanda kwetu. Rahman alifika mapema akazoea hewa. Lewis alichelewa, alikuwa ameshughulika na filamu huko Marekani, tena akapanda ulingoni akiwa mzito kuliko kawaida yake. Raundi ya tano alipigwa konde moja la kulia akalala chali.

Tofauti ni kwamba Lewis alikuwa na mkataba unaompa marudiano. Rahman alipojaribu kukwepa, Lewis alikwenda mahakamani New York, mahakama ikamwamuru Rahman ampe nafasi yake. Ilikuwa pia rahisi kuziona sababu za kushindwa kwake, na zote zilitibika: uzito, uchelewaji, dharau. Tarehe 17 Novemba mwaka huohuo, Las Vegas, Lewis alimlaza Rahman raundi ya nne. Foreman hakuwa na mahakama wala karatasi, na ugonjwa wake haukuwa wa wiki mbili. Ulikuwa ndani ya namna yake ya kupigana. Mike Tyson naye, alipopigwa na Buster Douglas mjini Tokyo Februari 1990, aliukosa mlango huohuo, kwani Douglas aliupoteza ubingwa kwa Evander Holyfield Oktoba mwaka uleule, na marudiano yakafa. Anayepigwa kwa mshangao ana maadui wawili, aliyempiga na kalenda.

Kwa wale watakaonikumbusha kwamba Ali alikuja Tanzania: ndiyo, alifika Dar es Salaam Februari 1980, akiwa mjumbe wa Rais Carter, kutushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow. Mwalimu, mtoto wa Butiama mkoani kwetu, hakumpokea. Ni kisa kitamu, lakini kina kipindi chake.

Mzee mmoja pale Kerende aliniuliza kama Foreman alikufa na kinyongo. Sidhani. Alipokuwa mhubiri aliacha kuzungumzia kamba, akawa anasema waziwazi kwamba Ali alimpiga. Wakawa marafiki. Machi 1997, filamu ya pambano lao la Kinshasa ilipopewa tuzo ya Oscar, Ali alikuwa ameshashikwa na maradhi ya kutetemeka, na aliyemshika mkono kumpandisha ngazi za jukwaa alikuwa George Foreman.

Kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo lingine. Mwaka 1987 alirudi ulingoni, mnene, watu wakamcheka. Alijifunza kupigana polepole, kukaa nyuma ya ngumi yake ya kushoto, kutunza pumzi kama mtu anayetembea kutoka Kerende kwenda Tarime mjini na mzigo kichwani. Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas, akiwa na miaka 45, alikutana na Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 ambaye hajawahi kushindwa. Foreman alivaa bukta nyekundu ileile aliyovaa Kinshasa. Kwenye kona yake alikuwapo Angelo Dundee, mtu wa Ali. Kwa raundi tisa alipigwa, alikuwa nyuma kwenye kadi zote za majaji, na hakuharakisha. Raundi ya kumi alipata upenyo, akarusha kushoto na kulia, Moorer akalala chali, mwamuzi akahesabu mpaka kumi bila kuharakisha. Foreman alikwenda kwenye kona yake akapiga magoti. Ilikuwa imepita miaka 20 na siku 6 tangu aliponyanyuka amechelewa mbele ya Zack Clayton.